Kwanza Ujue Kilichomo

Hotuba hii niliitoa Chake Chake mbele ya vikundi vya akina mama wanaotengeneza sabuni, mafuta na bidhaa za mwani. Naiweka yote kama nilivyoisema, kwa ajili ya wenzetu wa Unguja ambao boti yao haikuondoka Malindi asubuhi ile kwa sababu ya upepo.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, dada zangu, na kaka zetu wachache ninaowaona pale nyuma, ahsanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumze juu ya mambo mapya yanayotokea duniani katika vifungashio vya vipodozi. Nitayasema. Lakini kabla ya dunia niruhusuni nianze na nyumba moja ya Wete.

Hiki nilichokishika mnakijua. Ni mrashi. Ulikuwa wa bibi yangu mzaa mama, na yeye alipewa na somo wake wiki ya harusi yake. Utazameni. Tumbo lake la mviringo na zito, shingo ndefu na nyembamba, na juu yake kichwa kama tumba la ua, chenye matundu. Nimeyahesabu jana usiku: saba.

Sasa nakuulizeni. Kwa nini shingo ni nyembamba? Kwa nini matundu ni madogo hivi? Kwa nini uzito wote umewekwa chini?

Marashi mawaridi ni maji yenye roho. Ukiyaacha wazi, harufu inaondoka, unabaki na maji. Shingo nyembamba inaizuia harufu isitoroke. Matundu madogo yanatoa matone machache kwa kila mtikiso, ili chupa moja iwatoshe wageni wote wa maulidi mpaka yule aliyekaa mlangoni. Na tumbo zito linaufanya usimame juu ya sinia, hata sinia ikipita mikononi mwa watoto. Aliyeufua mrashi huu alianza kwa kuyajua marashi, akamjua na mtu atakayeushika. Urembo ulikuja baadaye, na ulikuja kweli, maana tazameni nakshi ya hapa shingoni.

Hilo ndilo neno langu la leo, na nitalirudia mpaka mnichoke: kwanza ujue kilichomo.

Bibi yangu hakununua mrashi mpya kila alipoishiwa na marashi. Marashi yalinunuliwa kwa chupa kubwa dukani, yakamiminwa humu kwa faneli. Chombo kilibaki, kilichomo ndicho kilichokwenda na kurudi. Chetezo hali kadhalika, kijaluba hali kadhalika, na kichupa cha wanja hali kadhalika. Je, mnajua kwamba huo ndio mtindo unaosifiwa kuliko yote leo katika maduka makubwa ya vipodozi Paris na London?

Nyumba ya manukato ya Guerlain ya Ufaransa ilitengeneza mwaka 1853 chupa yenye nakshi ya nyuki kwa ajili ya Malkia Eugénie, mke wa Napoleon wa Tatu. Chupa ile bado inatengenezwa, na mwenye nayo anaweza kuirudisha dukani ikajazwa tena. Mwaka 1992 manukato ya Angel ya Mugler yalikuja na kitu kama chemchemi dukani: mteja anakuja na chupa yake ya nyota, anajaziwa. Leo makampuni makubwa yanauza mkebe wa krimu wenye kikombe cha ndani kinachochomoka. Mkebe mzito wa nje unabaki mezani kwako, unakwenda kununua kikombe tu.

Na yupo mwanamke mmoja ambaye hadithi yake nataka mwende nayo nyumbani. Anita Roddick alifungua duka lake la kwanza la The Body Shop katika mji wa Brighton, Uingereza, mwaka 1976. Hakuwa na mtaji wa chupa nzuri. Alinunua chupa za plastiki za bei rahisi kabisa, zile za kuwekea mkojo wa kupimwa hospitali, na hata hizo hazikumtosha. Akawaambia wateja: rudisheni chupa zenu nizijaze. Ile iliyokuwa shida ya mtaji ikawa ndiyo sifa ya duka lake dunia nzima. Mama zangu, nani humu ndani ana shida ya chupa? Nyosheni mikono. Naona karibu nyote.

Basi sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu kujaza tena kuna masharti yake. Mafuta matupu yasiyo na maji, kama ya nazi au ya ufuta, yanavumilia kujazwa tena, ila chupa ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ianikwe ikiwa imepinduliwa mpaka ikauke kabisa, ndani na kwenye nyuzi za kifuniko. Tone moja la maji likibaki ndani, mmeyaalika mafuta yaharibike. Krimu na losheni zenye maji ni jambo jengine. Vijidudu vinapenda maji. Mteja akija na kopo lake la krimu alilolichovya vidole miezi mitatu, msimjazie juu ya mabaki. Mpeni kopo safi, mchukue lile la zamani mkalioshe wenyewe, na mpunguzieni bei kidogo kwa kulirudisha. Msione tabu kumueleza sababu.

Sasa nije kwenye kosa langu, kwa sababu nimelilipia.

Mwaka wangu wa tatu katika kazi hii nilikwenda Kariakoo nikanunua dazeni nne za chupa ndefu, nyeupe, zenye bomba la kubonyeza. Zilipendeza mno. Zilifanana na zile tunazoziona kwenye matangazo, na kwa kweli sikuwa na sababu nyengine ya kuzinunua. Nikatia mafuta ya nazi, nikabandika lebo, nikampelekea shoga yangu aliyeolewa Uingereza ili awauzie wenzake. Ilikuwa mwezi wa Januari.

Baada ya siku chache akanitumia picha. Chupa imesimama dirishani, nje ya kioo mvua ya baridi, na bomba limebonyezwa mpaka chini, limekwama. Akaniandikia: "Shoga, mafuta yako yamekufa."

Hayakufa. Yaliganda. Mafuta ya nazi yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi, yanaanza kuwa meupe na magumu kama samli. Hapa kwetu tunayaona yakifanya hivyo alfajiri za kipupwe, tunayaweka juani, maisha yanaendelea. Kule yaliganda tangu siku ya kufika, ndani ya chupa yenye mdomo wa kupitisha mrija tu. Hayatoki kwa bomba, hayatoki kwa kidole, hayatoki kwa kijiko. Alizitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, moja moja, na wateja wake walisubiri wiki mbili kisha wakaondoka.

Yale mafuta yalikuwa mazuri. Nazi za Mtambwe, zimekunwa na kukamuliwa kwa mkono. Kilichoyaharibia jina ni chupa. Niliijua sura ya chupa, sikujua kilichomo kitafanya nini kikifika safari yake. Leo mafuta yangu ya nazi yanakaa kwenye mkebe wa aluminiamu wenye mdomo wa kuingia vidole viwili. Yakiganda, unayachota, yanayeyuka kiganjani. Mkebe hauvunjiki melini, ni mwepesi, na aluminiamu inaweza kuyeyushwa ikatumika tena.

Jambo hilo hilo lipo katika mafuta yetu ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Nyote mmepita pale yanapokamuliwa, hiyo harufu haihitaji kuelezwa. Ndani ya mafuta ya karafuu na makonyo kuna yujenoli, ile inayotia ganzi jino linapouma. Yujenoli ina nguvu, na baadhi ya plastiki haziiwezi. Niliwahi kuyatia kwenye vikopo vigumu vinavyong'aa kama kioo, vya plastiki ya polistirini. Mwanzo viliingia ukungu, kisha vikalainika, kisha vikapasuka pembeni, na boksi zima likanuka karafuu hadi mwenye duka akaniita. Mafuta ya aina hii yanataka kioo. Na kioo cha rangi ya kahawia, kwa sababu kahawia inazuia ile miale ya jua isiyoonekana ambayo inachakaza mafuta. Chupa ya dawa hospitali haikufanywa kahawia kwa kupendeza tu.

Nimeleta pia kitu nilichokikata kwa msumeno ili mkione tumbo lake. Hii ni chupa ya bomba lisiloingiza hewa. Tazameni, hakuna mrija ndani. Pale chini kuna kisahani. Kila unapobonyeza juu, krimu inatoka na kisahani kinapanda, kama mtu anayesukuma kutoka chini. Hewa haipati nafasi ya kuingia. Kwa krimu inayoharibika kwa hewa, huu ni ubunifu wa maana sana, na mteja anaitumia karibu yote, haibaki iliyoganda ukutani. Lakini ni ghali, na nyingi zimeunganishwa kwa plastiki za aina mbili au tatu, nyengine zina na springi ya chuma ndani ya bomba. Anayerejeleza taka hawezi kuzitenganisha. Ndiyo maana sasa wabunifu wanashindana kutengeneza bomba la plastiki ya aina moja tupu, mpaka springi yake. Ukiona mpya ya namna hiyo, na krimu yako inaihitaji, inunue. Kama unauza liwa kavu, hiyo si yako.

Na sabuni, jamani, sabuni! Sabuni haitaki makubwa. Nani hapa amewahi kufunga sabuni kwa plastiki wakati wa masika, akarudi akakuta imetoka jasho? Gliserini iliyomo kwenye sabuni inavuta unyevu wa hewa, na plastiki inaufungia humo humo. Sabuni inataka kupumua. Kampuni ya Lush ya Uingereza imejenga jina lake kwa kuuza sabuni, na hata shampuu ya mche, bila ya kifungashio chochote. Kwenu ukanda mmoja wa karatasi nene unatosha, wenye jina, viambato, uzito na tarehe. Wanaofunga kwa vipande vya kanga, nawaomba jambo moja: msikate ovyo. Kanga ina jina lake. Mkikata, kateni ili jina lisomeke, au basi tumieni pindo.

Sasa nizungumze lililo zito kifuani mwangu.

Sisi ni watu wa visiwa. Kitu tukikitupa, hakuna kwengine kinakokwenda. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, na tulifanya vyema. Lakini vile vipakiti vya losheni na shampuu vya kutumia mara moja je? Kile kipakiti kina tabaka ya plastiki, tabaka ya aluminiamu, tabaka ya plastiki tena, zimegandishwa pamoja. Hakirejelezwi. Kinaishi siku moja mkononi, kisha miaka na miaka baharini. Mama anayelima mwani akishuka bamvua kufunga kamba zake, anaanza kwa kuondoa vipakiti vilivyonasa. Ndivyo tunavyotaka nasi tuuze?

Wateja wa Ulaya nao wamebadilika, tena kwa sheria. Sheria mpya ya vifungashio ya Umoja wa Ulaya ilipata nguvu Februari 2025, na tarehe yake ya kuanza kutumika kwa jumla ni Agosti 12, 2026. Kufika 2030 kinachoingia sokoni kwao kiwe kimebuniwa kiweze kurejelezwa. Na limo katazo moja lililonifurahisha niliposoma: kifungashio kisiwe na kuta mbili wala kitako cha uongo kwa ajili ya kukionesha kikubwa kuliko kilichomo.

Kitako cha uongo! Nani hapa hakijui? Si ndicho kile kibaba cha sokoni kilichobonyezwa chini? Wazee wetu walimkimbia muuzaji wa kibaba hicho, na dini yetu imetuonya vikali juu ya kupunja kipimo. Basi mkebe wa krimu wenye ukuta mnene kama kidole, na ndani krimu ya kujaza kijiko, ni kibaba kile kile. Msiununue, hata ukiwa na maandishi ya dhahabu. Na dhahabu yenyewe ile ni plastiki iliyopakwa chuma, inawasumbua wanaochambua taka. Wacheni.

Nimetaja mwani. Tangu mwaka 1989 tunalima mwani kwa biashara, na wanaolima wengi ni nyinyi. Unakaushwa, unatiwa magunia, unapanda meli. Huko nje unatolewa karajinani, ile inayofanya dawa ya meno na losheni ziwe nzito na laini. Tunauza gunia, tunanunua tyubu. Sasa limeongezeka jengine: kampuni ya Notpla ya London inatengeneza vifungashio vyenyewe kwa mwani, vinavyooza kama ganda la tunda, na mwaka 2022 ilipata tuzo ya mazingira ya Earthshot. Nilipoona habari ile niliona furaha na uchungu kwa pamoja. Kwa nini jambo hili lisifanyike Paje? Kwa nini lisifanyike Kojani? Vijana wetu wa sayansi walio vyuoni, nakuombeni mje mkae na mama hawa. Linataka maabara, linataka subira. Utando wa mwani hauelewani na maji, kwa hiyo si wa kufungia krimu wala sabuni ya bafuni. Lakini vitu vyetu vikavu, liwa ya unga, dalia, singo la biharusi la kutumia mara moja, hivyo vinaweza kuwa mahali pa kuanzia.

Nimesema tujue kilichomo. Kuna na wa kukifungua, nisimsahau.

Mama yangu alipata mtoto wa jicho. Siku moja alijipaka nywele dawa ya kuchulia maungo, kwa sababu chupa mbili zilikuwa na umbo moja na kimo kimoja. Alilia, na hakulia kwa ukali wa dawa. Alilia kwamba amefika pa kutoijua chupa yake. Kesho yake nilimkuta amefunga uzi shingoni mwa chupa moja. Hakuniambia kitu. Tangu siku hiyo akawa anapapasa shingo kwanza.

Kampuni ya L'Occitane ya Ufaransa imekuwa ikiweka maandishi ya nukta ya wasioona kwenye vifungashio vyake tangu mwaka 1997. Herbal Essences waliweka mistari ya kupapaswa kwenye shampuu na vinukta kwenye ile ya kulainisha nywele, maana bafuni hata mwenye macho anafumba macho. Uzi wa mama yangu ni jambo hilo hilo. Kwa hiyo nakuombeni: mkiuza mafuta ya nywele na ya kuchua, yatofautisheni kwa mkono. Moja ifungwe kamba nyembamba ya ukili shingoni, nyengine iachwe. Gharama yake ni nini? Ukili mnao wenyewe.

Lebo iwe na Kiswahili juu, lugha nyengine chini, herufi za kusomeka na bi mkubwa asiye na miwani. Wino usiotoka ukiguswa na mkono wenye mafuta. Jaribuni nyumbani kabla ya kuchapa mia tano. Wekeni ile alama ya kopo lililofunguka yenye 12M au 6M ndani yake, ikimaanisha miezi ya kutumia tangu kufungua, na mjue kwa kupima, msikisie. Msiandike kuwa mafuta yanatibu maradhi. Mistari ya bakodi ya Tanzania inaanza na 620, na duka kubwa litaiuliza. Na wanaowauzia watalii, chupa isizidi mililita 100, kwa sababu zaidi ya hapo inachukuliwa katika viwanja vingi vya ndege kama haimo kwenye begi kubwa. Nimeona mwenyewe chupa ya mwenzetu ikitupwa pale kwenye ndoo, imejaa, haijafunguliwa, na kibandiko chake cha karafuu kikitazama juu.

Sitakuwekeni zaidi. Kwenye meza ile nimepanga chupa na mikebe ishirini na mitatu, mibaya na mizuri, na beseni la barafu kwa ajili ya mafuta ya nazi. Kila mmoja achukue alichokuja nacho, akitie ndani ya chombo anachodhani kinakifaa, na tukifungue pamoja baada ya sala ya adhuhuri tuone. Na mrashi huu naupitisha. Uanzie kwa bi mkubwa pale mbele. Ushikeni kwa mikono miwili, muupindue mtazame kitako chake, na atakayejua alama ile iliyochongwa pale ni ya fundi gani aniambie, kwa sababu bibi aliondoka kabla sijamuuliza.